Barua kwa madereva wa masafa marefu: msibane mkojo

Wanangu wa njia ya Tunduma, na nyie mnaovuka mpaka Lubumbashi, mzee wenu nimeshaachana na usukani ila roho yangu bado iko barabarani, na hili nalisema wazi maana tunaoneana aibu huku watu wanaumia.

Mwanaume akishagonga 50 wengi wetu tezi dume inaanza kutanuka, na hiyo tezi imekaa chini ya kibofu imeuzunguka mrija wa mkojo, sasa ikikua inaubana. Ndo unakuta mtu kashuka kuchimba dawa anasimama weee mkojo hautoki, ukitoka unakatika katika, akipanda gari anahisi bado upo, usiku anaamka mara tatu nne. Msiseme ni uzee, kapimeni. Kutanuka sio kansa ila kansa nayo inaweza kuwepo, ndo maana lazima daktari aangalie, na kile kidole mnachokiogopa, daktari anachopimia tezi kwa kupitia njia ya haja kubwa, hakimpunguzii mtu uanaume.

Kuna mwenzetu alikwama foleni ya mpakani ana mafua, akameza vidonge vya mafua vya dukani, kumbe baadhi ya dawa hizo zinakaza shingo ya kibofu. Alfajiri tone halitoki, tumbo la chini limevimba gumu, kashika bampa analia, mtu mzima na wajukuu. Hospitali walipomwekea mpira wa kutolea mkojo ilitoka zaidi ya lita. Mkojo ukigoma kabisa hakuna cha kusubiri kushusha mzigo, ni hospitali saa hiyo hiyo, ukijaa ukasukuma kurudi juu unaua figo.

Sasa wengi mnafanyaje, mnaacha kunywa maji ili msisimame njiani! Hapo mnajitafutia la pili. Masaa nane umekaa, miguu imekunjwa, mwili umekauka, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu. Mguu mmoja ukivimba, nyama ya nyuma inauma na ina joto, utingo asiukande na dawa ya kuchua, lile donge likichomoka likaingia mapafuni pumzi inakata ghafla na mtu anakufa. Na mliofanyiwa opereshini ya tezi, nesi akisema amka utembee, tembeeni, hata kama mnaburuta mpira. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla hajapasuliwa.

Kila masaa mawili pakini pazuri, chimbeni dawa, zungukeni gari mara kadhaa, kunyweni maji. Tajiri akipiga simu mbona gari imesimama, mwambieni mnakojoa.