Kabla hujanunua mashine ya kufyekea

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Barua yako imefika, na zile mashine ulizozitia alama nimezipitia zote. Unataka moja ya kutunzia bustani yako, na hiyohiyo ikuingizie riziki kwenye kazi za kufyeka unazotaka kuanza kuchukua. Hapo pana maswali mawili, na muuzaji atakujibu kana kwamba ni moja.

Boksi litakuonyesha cc, yaani ukubwa wa injini, na nguvu za farasi kwa maandishi makubwa. Ziache kwanza, anza na saa. Mashine itanguruma saa ngapi kwa wiki? Mwenye bustani ya nyumbani, hata awe mpenda usafi namna gani, hapiti saa mbili, na kiangazi huenda asiiguse kabisa. Anayefyekea watu huwasha asubuhi na kuzima jua linapochwa, akipumzika tu kuongeza mafuta. Mashine mbili zinaweza kuwa na cc 35 zote, rangi karibu ileile, na bado moja ikamaliza miaka kwa yule wa kwanza na miezi tu kwa wa pili.

Siri iko ndani. Nyingi kati ya zile za matumizi mepesi, silinda yake imeundwa pamoja na nusu ya juu ya nyumba ya kreki shafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na chini inafungwa kifuniko tu. Ni nyepesi na rahisi kutengeneza kiwandani, lakini silinda ikikwaruzika umepoteza karibu injini nzima. Zile za kazi nzito nyumba ya kreki shafti ni ya chuma chepesi cha magnesi, na silinda imekaa juu yake peke yake, inafunguliwa kwa boliti zake. Fundi anabadilisha silinda na pistoni, kesho yake uko kazini. Muulize muuzaji swali moja tu: silinda inafunguka peke yake? Akibabaika, omba kitabu chenye michoro ya vipuri, utajionea mwenyewe.

Halafu mpini. Mashine ya mpini uliopinda huzungushwa na waya laini ulio ndani ya bomba, nayo ni ya kamba ya nailoni tu. Usikubali mtu akufungie kisu cha chuma humo. Inafaa kando ya njia na kuzunguka maua, basi. Wewe unahitaji mpini ulionyooka, wenye shafti ya chuma ndani na gia kule mwisho, ili uweze kufunga nailoni leo na kisu kesho ukikuta vichaka. Cc 25 inatosha nyasi laini za nyumbani. Kwa majani magumu yaliyoachwa msimu mzima, tafuta kati ya 35 na 45. Zaidi ya hapo unabeba uzito bure, isipokuwa kazi yako iwe kusafisha mapori.

Na uzito wenyewe usiusome kwenye karatasi. Vaa mkanda pale pale dukani, ning'iniza mashine, zungusha mwili kulia na kushoto kama unayefyeka, na ukae nayo hivyo mpaka muuzaji aanze kukuangalia vibaya. Mkanda wa bega moja unavumilika kwa kazi ya nusu saa. Kwa kazi ya kutwa chukua ule wa mabega mawili wenye ngao nyongani, na vishikio vya mikono miwili vinavyofanana na usukani wa baiskeli. Kile kishikio cha duara kinakwenda vizuri kwenye kona na miteremko, lakini kwenye uwanja mpana kinachosha mgongo.

Kuna jambo watu hawaliulizi kabisa, nalo ni mtetemo. Kitabu cha mashine nzuri huandika kiasi chake kwa kila kishikio. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2002, uliweka kikomo cha mita 5 kwa sekunde ya mraba kwa mfanyakazi wa saa nane, na kuanzia 2.5 mwajiri anatakiwa achukue hatua. Tumia namba hizo kama kipimo chako, popote ulipo. Anayelipuuza, baada ya miaka vidole vinaanza kufa ganzi na kuwa vyeupe kwenye baridi, na hali hiyo ikikomaa hairudi nyuma. Masikio nayo yazibe. Mashine hizi karibu zote zinapita decibeli 85, ambazo ukizisikia siku nzima zinatosha kukuharibia usikivu.

Umeniuliza pia kuhusu injini, ya kuchanganya oili kwenye petroli au isiyochanganya. Ile ya mipigo miwili, ya kuchanganya, ni nyepesi, ina vipuri vichache na inafanya kazi hata ukiigeuza vipi. Ya mipigo minne inakula petroli tupu, moshi wake ni mdogo na sauti yake haikwaruzi sana, ila ina oili yake ya kukaguliwa kila asubuhi, na inazidi kidogo kwa uzito. Honda wana injini ndogo za namna hii, GX25 na GX35, ambazo zinakubali kulazwa upande wowote. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake na anayejali vipimo, mimi naipenda mipigo miwili. Lakini wewe unasema utaajiri vijana. Siku mmoja akijaza petroli tupu kwenye mashine ya kuchanganya, pistoni inakwaruzika kabla kipande cha kwanza hakijaisha, na utaletewa habari kwamba "imezimika tu yenyewe". Ukichukua ya kuchanganya, basi wewe ndiye utakayechanganya, kwenye galoni lenye alama, na galoni la petroli tupu lisikae karibu nalo.

Vipimo si siri. Kama kitabu kinasema moja kwa 50, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Moja kwa 25 ni mililita 40. Fuata kitabu cha mashine yako, si mazoea ya jirani. Na oili iwe ya injini zinazopozwa kwa hewa. Tafuta alama ya JASO FD, kiwango cha Kijapani cha ubora wa oili. Ile ya injini za boti, yenye alama ya TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji, hata kama muuzaji ataapa kwamba oili ni oili.

Mashine ya nyumbani, zaidi ya kazi, inauawa na kukaa. Petroli ikilala ndani miezi miwili inaacha utando kwenye vijia vya kabureta, na ngozi zake, yaani vile viwambo vyembamba vya ndani, zinakakamaa. Unavuta kamba mpaka bega linauma, unasema mashine mbovu, kumbe inadai kusafishwa. Changanya mafuta ya kutosha mwezi mmoja tu. Ukijua haitaguswa muda mrefu, mwaga tangi, washa iunguze kilichobaki mpaka izime yenyewe. Ndiyo maana, kama ungekuwa na bustani tu bila hizo kazi za watu, ningekwambia uachane na petroli kabisa ununue ya betri.

Mashine ya kusukuma ya kukatia nyasi isubiri. Ni nzuri kwenye uwanja ulio sawa, nyingi zina injini ya mipigo minne ya kati ya cc 140 na 190, na kwa kazi za watu utataka inayojiendesha magurudumu, maana kusukuma kutwa ni adhabu. Pima milango ya wateja wako kabla ya kupenda upana wa sentimita 53. Oili ya kwanza huwa inamwagwa mapema, mara nyingi baada ya saa 5 tu za kazi, wengi hawajui. Na unapoilaza kusafisha kisu, toa waya wa plagi kwanza, kisha hakikisha upande wa filta ya hewa unaangalia juu.

Chenso, ule msumeno wa injini, usinunue. Najua umeipenda, nimeona alama ulivyoikoleza. Ncha ya msumeno ikigusa mti vibaya, mashine inaruka usoni kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuiwahi, na breki ya mnyororo inapunguza hatari hiyo tu, haiiondoi. Ukipata kazi ya miti, mlete mwenye chenso, mafunzo na suruali yake ya kujikinga, mgawane. Na ile ya kubadilisha vichwa, fyekeo leo, mkasi wa ua kesho, inafaa nyumbani. Kwenye biashara, injini moja ikigoma kazi zote zimelala.

Kama bajeti inakusukuma kwenye iliyotumika, usiridhike na kuisikia ikinguruma. Omba kufungua eksozi, huwa ni boliti mbili tatu. Vuta kamba taratibu mpaka pistoni ionekane kwenye tundu, umulike kwa tochi. Ukiona uso laini, wenye weusi kidogo au mng'ao wa kawaida, endelea na mazungumzo. Ukiona mistari iliyosimama wima kama iliyochorwa na msumari, hiyo huenda iliwahi kukosa oili. Rudisha eksozi, shukuru, ondoka.

Sasa uamuzi wangu. Nunua mashine moja ya kufyekea, ya kazi nzito, cc 40 hivi, mpini ulionyooka, mkanda wa mabega mawili. Nyumbani itatosha na kuzidi. Mashine ya nyasi za uwanja ije wateja wenye nyanja wakishakuwa wengi. Lakini kabla ya kutoa hela, mwombe muuzaji vitu vinne akuwekee mezani: ngozi za kabureta, filta ya hewa, kamba ya kuvutia, na klachi ya mashine hiyohiyo. Akikuambia vitaagizwa, nenda duka lingine, hata kama mashine yake ni bora kuliko zote ulizoziona.

Niandikie kazi ya kwanza ni ya nyasi za namna gani na uwanja una mawe kiasi gani, nikuchagulie unene wa nailoni, maana hapo kati ya milimita 2.4 na 3 pana tofauti kubwa. Na vijana wako waambie, mashine ikiwa na kisu, mtu mwingine asikaribie ndani ya mita 15.

Wako,
Rafiki yako