Ulaya bado wanachoma kuni

Mhariri,

Naishi Värmland, magharibi mwa Sweden, katika nyumba ya mbao inayopata joto kwa boila ya kuni. Kwa hiyo nimeshindwa kunyamazia hoja inayorudi kila mjadala wa nishati safi unapoibuka: eti kuni ni umaskini, Ulaya waliziacha zamani. Mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, nauunga mkono. Nimekulia Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nayajua macho mekundu ya mama akitoka jikoni. Ila tusiutetee kwa kuwasingizia watu wa huku.

Boila yetu ni ya miaka ya 1980. Mafuta yalipopanda bei 1973 na tena 1979, wengi hapa walirudia msitu. Imekaa chumba cha chini ya nyumba, na moto wake haumpashi mtu. Unapasha maji, pampu inayasukuma hadi kwenye redieta za vyumbani, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto, na moshi unapanda dohani. Kando yake yamesimama matangi mawili ya lita 750 kila moja, yamevikwa koti nene ili joto lisitoroke.

Hayo matangi ndiyo siri. Boila kuukuu haipendi kubanwa. Ukiiziba hewa ili kuni zikufikishe asubuhi, hazichomeki, zinafuka tu: joto linaondoka na moshi, jirani anakohoa, dohani inajaa masizi ya kunata ambayo yakishika moto unaweza kupoteza nyumba. Sisi tunauachia moto uwake kwa nguvu saa chache, kisha joto tunaliweka akiba kwenye maji. Lita 1,500 zikipanda kutoka nyuzi 40 hadi 90 zimebeba kama uniti 87. Anayenunua umeme wa LUKU atajua hiyo ni akiba ya namna gani. Januari tunawasha kila siku. Septemba moto wa jana bado unatuogesha leo.

Ipo pia vali inayozuia maji ya baridi yasirudi ndani ya boila kwa wingi. Chuma kikipoa, mvuke wa moshi unageuka maji yenye asidi na kukila taratibu.

Na kuni si kuni tu. Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Wa kuchoma, maji yake yanatakiwa yawe chini ya asilimia 20. Kwa hiyo hukatwa wakati wa theluji, hupasuliwa kabla ya majira ya joto, hupangwa chini ya bati upepo upite. Mume wangu hugonganisha vipande viwili akasikiliza mlio. Mimi natumia kipimo cha unyevu. Hatujawahi kuelewana, na kipimo ndicho kinachosema kweli.

Sisemi boila kuukuu ni safi. Mpya zinatoa moshi mdogo zaidi, na wa mijini wengi wanaletewa maji ya moto kwa mabomba kutoka mtambo mmoja. Lakini mitambo hiyo mingi nayo inachoma mabaki ya miti! Na kufagia dohani si hiari: halmashauri inasimamia, mwenye nyumba analipa.

Kilichobadilika huku ni kwamba moto umetengwa na watu. Hapo ndipo nina neno na gazeti lako. Mkakati wetu unazungumzia kupika, sawa. Ila Juni na Julai kule Makete, Njombe na Mufindi watu wanahitaji joto la kulalia, na wengi wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Kaboni monoksaidi haina harufu. Inaua familia nzima bila kumwamsha mtu. Hata huku penye dohani watu wanashauriwa kufunga king'ora cha kuinusa.

Naomba mwandishi wako wa nyanda za juu aandike kuhusu jambo hili kabla ya Juni: awaulize mafundi ujenzi dohani ya matofali inagharimu kiasi gani kwenye nyumba ya vyumba viwili, na awaulize wenye shule za bweni wanafunzi wanaota moto wapi usiku.

Mkinga wa Makete,
Värmland, Sweden