Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari wetu hapa Arusha: watoto wapewe kifungu mkononi na daftari zisahihishwe

Ndugu Afisa Elimu, habari za kazi na pole na majukumu.

Naandika wazi kwa sababu hili jambo linawahusu wazazi wengi wa hapa Arusha na walimu pia, na wewe ndo mwenye nafasi ya kulisukuma likasogea. Mimi nina steshenari maeneo ya Mbauda, natoa kopi, naprinti, nauza madaftari na kalamu, na kila mwaka mitihani ikikaribia kazi inayonijaa ni pasti pepa, yaani karatasi za mitihani iliyopita, wanakuja wa kidato cha pili, wanakuja fomu foo, wengine wameletwa na mama zao, na karatasi inayoulizwa kuliko zote ni ya Kiingereza. Ombi langu ni moja na nalisema mapema usije ukachoka kusoma: watoto wapewe kifungu cha habari kilichochapwa, wakishike mkononi, wajibu kwa kuandika, na majibu yao yasahihishwe kwa maelezo. Kila wiki. Mengine yote hapa chini ni ya kueleza kwa nini.

Mtoto akifika dirishani swali lake la kwanza ni "zina majibu?" Nikimwambia hii haina majibu anairudisha, anaenda kutafuta kwingine. Akipata yenye majibu anaenda kukariri, moja C, mbili A, tatu D, na zile sentensi za kubadilisha anazimeza nzima nzima kama zilivyo. Sasa Baraza la Mitihani lipo tangu 1973, limetunga maswali miaka yote hiyo, halitamrudishia mtoto kifungu kilekile na sentensi zilezile eti kwa sababu kakariri. Ni sawa na mimi nikariri chenji niliyomrudishia mteja wa jana halafu nimrudishie hiyohiyo wa leo. Pasti pepa yenyewe si mbaya jamani, ni kitu kizuri mno, ila mtoto aifanye kwa saa, majibu yamefichwa, halafu akae na mtu amwambie hapa umekosa kwa sababu hii na hii. Hicho kipande cha mwisho ndo hakipo kabisa.

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa anasubiri kopi zake, akaliweka daftari la Kiingereza pale juu ya kaunta, nikamwomba nilifungue. Kifungu cha habari kimeandikwa kwa mkono kurasa mbili, amenakili ubaoni, na kinaishia katikati ya sentensi kwa sababu kengele iligonga na ubao ukafutwa, maswali akayapata kwa mwenzake kesho yake. Kipindi ni dakika 40. Yaani dakika zote zile za kusoma na kufikiri zimeisha kwenye kunakili, na ukimwangalia mtoto anavyonakili hasomi, anahamisha herufi tu, ndo maana hata spelingi zinaruka. Ukija kwenye maswali, moja linauliza kwa nini yule bibi kizee alikuwa anaenda mtoni, na kifungu kimesema "Since the tap in the village had been dry for a week, the old woman walked to the river every morning." Binti kajibu "The old woman walked to the river every morning." Ametafuta neno mto kwenye kifungu, akalipata, akanakili sentensi ilipolala. Mwalimu kaweka mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, basi, hamna neno hata moja pembeni.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, hivi bibi alikuwa anaenda mtoni kufuata nini? Akajibu palepale, maji, si bomba limekauka. Kumbe habari kaielewa! Kilichomkwamisha ni kale ka "since", yeye alifundishwa ni "tangu" tu, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kanaweza kuja mwanzo wa sentensi kikiwa na maana ya kwa sababu. Dakika moja tu ya maelezo na asingerudia tena. Mbele kidogo kuna zoezi la kubadilisha sentensi, "He was so tired that he could not walk," watumie "too ... to", yeye kaandika "He was too tired that he could not to walk." Mkasi. Kurasa chache mbele kosa ni lilelile kwenye sentensi nyingine, mkasi tena. Huyu mtoto anafanya mazoezi, daftari limejaa, lakini hajui amekosa wapi, kwa hiyo anachokifanyia mazoezi ni lile kosa lenyewe.

Sisemi haya kumlaumu mwalimu wake wala shule yake. Mwalimu mwenye mikondo minne, kila mkondo watoto themanini, hayo ni madaftari 320, akisema asahihishe kwa maelezo yote hatalala. Ninachosema ni kwamba ipo njia ambayo haihitaji kusahihisha yote, na Baraza la Mitihani lenyewe linaitumia. Kila baada ya mtihani wanatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ipo kwenye tovuti yao bure kabisa, mimi nimeshazidownload na kuziprinti kwa ajili ya walimu wachache waliokuja kuomba. Mle ndani wanachukua swali moja moja, wanaeleza lilitaka nini, waliofanya vizuri walifanya nini, walioanguka walianguka kwa sababu gani, na wanaweka picha ya jibu zuri na jibu baya kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe bila jina lake. Ukisoma za Kiingereza utakutana na yule binti wangu wa Mbauda, watahiniwa wanaonakili sentensi za kifungu badala ya kujibu, msamiati mdogo, hawajaelewa swali linataka nini. Sasa taarifa hii nzuri namna hii mwanafunzi haijui hata kama ipo! Wanaoifungua ni walimu wachache, inabaki kwenye simu, wakati mtu wa kuisoma ni yule anayeenda kukaa kwenye chumba cha mtihani mwezi wa kumi na moja.

Kwa hiyo mwalimu anaweza kufanya vilevile darasani kwake. Apitie madaftari haraka, achague majibu matano yaliyokosewa, ayaandike ubaoni bila kutaja mtu, darasa zima liseme tatizo liko wapi na wayarekebishe pamoja, kisha kila mmoja arudi kwenye daftari lake ajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Wiki hii wanashughulika na kosa la aina moja tu, wiki ijayo lingine. Na naomba sana, Ndugu Afisa, walimu waruhusiwe kutumia Kiswahili kidogo pale grama inapokuwa ngumu bila kuogopa kwamba mkaguzi akipita atawaandika vibaya. Sisi kwenye Kiswahili mtu ni "yeye" tu, awe mwanaume awe mwanamke, ndo maana mtoto anaanza na "she" kwenye mstari wa kwanza akifika wa tatu kaandika "he" wakati anayemzungumzia ni dada yake. Sisi tukitaka kuhakikisha jambo tunamalizia "sio?" na yanaisha, haijalishi ni nani wala ni lini, wao lazima uangalie kitenzi na wakati, "She can swim, can't she?", "They didn't come, did they?", na huku kwetu mtoto wa kimaasai kule Muriet au Kisongo hiki Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, ana Kimaasai cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya msingi. Miaka yote ya msingi kasoma masomo kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja kati ya mengi, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza anakuta historia, jiografia, bailojia, vyote vimegeuka. Mjadala wa lugha ya kufundishia nauacha kwa wenye mamlaka, ila mtoto aliyepo darasani leo mtihani wake umeandikwa kwa Kiingereza na ndo huyo wa kumsaidia leo.

Na hili la kuelewa swali haliishii kwenye somo la Kiingereza. Nimeona karatasi za moko, ule mtihani wa majaribio, za bailojia na historia, swali linasema "account for", yaani toa sababu, mtoto kaorodhesha mambo tu bila sababu hata moja. Linasema "differentiate", yeye kaeleza kitu kimoja akakiacha cha pili. Mtu alijua somo! Alisoma usiku kucha! Kaangushwa na neno moja mwanzoni mwa swali. Hayo maneno ya kuulizia hayafiki hata ukurasa mmoja, "outline", "mention", "distinguish", "explain", yakichapwa kwa mifano na kubandikwa kila darasa mwalimu wa kila somo atayapitia na watoto wake.

Watu wananiambia Arusha bana Kiingereza kipo, mji wa watalii, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapahapa. Ni kweli machalii wa pale Clock Tower wanaouza picha na shanga wanaongea na wageni bila kigugumizi, nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini kuongea bei na mgeni ni kitu kimoja, kukaa na kifungu cha aya tano, kukifupisha kwa maneno yako bila kuzidisha idadi waliyokupa, na kujua "it" ya mstari wa sita inazungumzia nini, hicho ni kitu kingine kabisa na kinakuja kwa kusoma na kuandika tu. Tena mtoto asiridhike na D, maana D inaanzia alama 30 na wengi wanaishika wanasherehekea, wakati alama 30 maana yake zaidi ya nusu ya kile kilichoulizwa hakukielewa au hakukijibu.

Sasa tuje kwenye hela kwa sababu najua ndo swali litakalofuata. Kifungu cha kidato cha pili na maswali yake kinaenea nusu ya A4. Karatasi moja ukiikata katikati unapata watoto wawili. Darasa la watoto 80 ni karatasi 40, kwangu kopi zikiwa nyingi natoa kwa shilingi 50, jumla ni shilingi 2,000 kwa darasa kwa wiki. Elfu mbili! Na vile vipande vikikusanywa mwisho wa kipindi vinatumika mkondo mwingine, kwa hiyo mikondo minne inaweza kutumia kopi zilezile. Naelewa tangu elimu bila ada ianze 2016 mkuu wa shule anaogopa kuchangisha chochote, na ni haki yake kuogopa, ndo maana naomba wewe utoe mwongozo, shule itumie fedha zake za ruzuku au bodi ya shule ikae na wazazi wakubaliane kwa hiari, lakini mkuu wa shule awe na karatasi yako mkononi ya kumlinda.

Kuna suala la vitabu pia. Kwenye shule moja, sitaitaja, vitabu vya hadithi vya Kiingereza vipo kabatini na kabati lina kofuli, vinaogopewa kupotea. Vikipotea viwili vitatu kwa mwaka ni hasara ndogo kuliko vyote kukaa humo vikiwa vipya mpaka silabasi ibadilike. Msamiati mtoto haupati kwa kukariri orodha ya vinyume na majina ya watoto wa wanyama, anaupata akikutana na neno mara nyingi kwenye habari tofauti mpaka linamzoea. Maktaba ya mkoa ipo mjini sawa, ila mtoto wa Olasiti au Muriet mpaka apate nauli ya kwenda na kurudi ni Jumamosi chache. Taasisi ya Elimu wana maktaba yao mtandaoni, vitabu vya kiada vinasomwa bure, ila simu ni ya baba na baba anarudi saa mbili usiku. Kinachowezekana haraka ni kila shule kuacha darasa moja wazi baada ya vipindi mpaka saa kumi na mbili jioni, vitabu viwepo, na wanafunzi wawili wa madarasa ya juu wa kuandika nani kachukua nini.

Ukiweza kuanza na shule tatu nne muhula huu itatosha. Kwa shule iliyo karibu na mimi nipo tayari kutoa kopi za vifungu vya muhula mzima kwa bei ya karatasi na wino tu, mwalimu wa Kiingereza alete kazi yake Ijumaa, Jumatatu saa moja asubuhi anazikuta zimekatwa tayari. Na zile taarifa za uchambuzi za Baraza za miaka ya karibuni nimeshaziweka kwenye flashi, mwalimu yeyote apite achukue bila malipo. Naomba jibu lako lipitie kwa Afisa Elimu Kata ili tulisikie kwenye kikao cha wazazi kabla watoto hawajafanya moko.

Ahsante na kazi njema.

Mwenye steshenari, Mbauda, Arusha