Ugunja walingoja miezi 15

Kwa Mhariri,

Tangu chaguzi ndogo za ubunge za Novemba 27, 2025 nchini Kenya, gumzo limekuwa nani alimbwaga nani katika eneobunge la Mbeere Kaskazini. Yaliyowapata wapigakura wa eneobunge la Ugunja hayajazungumziwa inavyostahili.

Opiyo Wandayi, aliyekuwa mbunge wa Ugunja, aliapishwa kuwa Waziri wa Kawi Agosti 2024. Katiba hairuhusu waziri kuwa mbunge, hivyo kiti kikabaki wazi. Kifungu cha 101 kinampa Spika siku 21 kuijulisha tume ya uchaguzi, IEBC, kwa maandishi, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Ugunja walingoja zaidi ya miezi 15. Mbeere Kaskazini, ambako Geoffrey Ruku aliacha ubunge akawa waziri Aprili 2025, walingoja miezi saba.

Kosa halikuwa la mawaziri hao. Mwenyekiti wa IEBC na makamishna wawili waliosalia walimaliza muhula Januari 2023, tume ikabaki bila wa kuamua lolote. Sheria ya IEBC inataka jopo la kuteua makamishna wapya liundwe angalau miezi sita kabla ya muhula kuisha. Liliundwa Februari 2023, wenyewe wakiwa wameshaondoka! Kisha yakaja mazungumzo ya serikali na upinzani, sheria mpya ya Julai 2024, na kesi mahakamani. Makamishna wapya wakaapishwa Julai 11, 2025.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uchaguzi husimamisha usajili wa wapigakura katika eneo husika tangu kiti kitangazwe kuwa wazi hadi siku ya kura. Lengo ni jema: kuzuia wagombea kusomba wapigakura kutoka maeneo jirani. Sheria hiyo ilitungwa kwa kungoja kwa siku 90, si zaidi ya mwaka. IEBC iliporejesha usajili Septemba 29, maeneo ya chaguzi ndogo yaliachwa nje. Kijana wa Ugunja aliyetoka tu kupata kitambulisho alifungiwa mlango huku mwenzake wa eneobunge jirani la Alego Usonga akisajiliwa. Mbunge akachaguliwa bila kura yake, ilhali ndiye aliyengoja kama wengine.

Bunge lirekebishe kifungu hicho: usajili usimamishwe tangu IEBC inapochapisha tarehe ya uchaguzi katika gazeti rasmi la serikali, si kabla. Wiki kati ya tangazo hilo na siku ya kura zinatosha kukagua daftari na kuzuia usombaji, na kiti kikikawia, vijana hawatalipia kuchelewa kusikokuwa kwao.

Kuhusu tume yenyewe, makamishna wote saba waliapishwa siku moja kwa muhula mmoja wa miaka sita, hivyo wote wataondoka Julai 2031. Jopo la kuwatafuta warithi wao linafaa kuwa limeundwa kufikia Januari mwaka huo, na Bunge liliulize suala hilo mapema, 2030.

Mfuatiliaji wa masuala ya uchaguzi,
Kisumu