Barua ya wazi kwa wazazi wapya wa Kirumba, Igoma na visiwani

Wanangu,

Ninasikia kwamba mzazi akishatoka arobaini huukaza mkaja hadi pumzi ikamkatika, kisha kila alfajiri hulala chali na kuinua kiwiliwili mara nyingi ili tumbo lirudi upesi. Mkaja sina ugomvi nao, ila kitambaa hushikilia tu. Hakifanyi kazi ya msuli.

Ujauzito husogeza pembeni misuli miwili ya mbele ya tumbo na kuutanua utando unaoiunganisha. Jipimeni: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo huku ukibonyeza vidole karibu na kitovu. Pengo likizidi upana wa vidole viwili, au tumbo likichomoza katikati mithili ya mtumbwi uliopinduliwa, mazoezi hayo ya alfajiri yanauelemea utando ambao bado haujakaza.

Kwa hiyo ninawashauri mazoezi ya Pilates, ambayo Mjerumani Joseph Pilates, aliyezaliwa mwaka 1883, hakuyatunga kwa ajili ya wazazi (alikuwa mwanamichezo), lakini huanzia pale hasa tunapopahitaji: kwenye pumzi na misuli ya ndani. Vuta pumzi mbavu zitanuke pembeni. Unapoitoa polepole, inua misuli ya nyonga, ile inayozuia mkojo, kisha acha sehemu ya chini ya tumbo iingie taratibu bila kuibana pumzi. Ukilimudu hilo, telezesha kisigino kimoja mkekani huku nyonga zikitulia, na baada ya majuma kadhaa ndipo uinue goti moja moja. Mashine hazihitajiki. Hata ndoo ya maji, toa pumzi wakati wa kuiinua.

Aliyejifungua kwa njia ya kawaida anaweza kuanza zoezi la pumzi siku chache baadaye, iwapo hana maumivu. Aliyefanyiwa upasuaji asiongeze lolote zaidi ya pumzi nyepesi kabla mshono haujakaguliwa kliniki, kwa kawaida kwenye hudhurio la siku ya 42. Damu ikiongezeka, mkojo ukivuja au ukihisi uzito ukeni, acha, ukamwone mtaalamu wa fiziotherapia, katika hospitali ya Bugando wapo.

Nanyi mama wakwe, katika miezi hiyo ya mwanzo gunia la dagaa libebwe na mwingine.

Bibi yenu, mkunga mstaafu,
Mwanza