Mabao 79 ya Chitalu yamo kwenye magazeti ya zamani, tuyatoe

Ndugu Mhariri,

Septemba 2023 Neymar aliwafunga Bolivia mabao mawili mjini Belém na kufikisha 79 akiwa na timu ya taifa ya Brazil. Dunia nzima ikatangaziwa kuwa amempita Pelé mwenye 77. Kurasa zetu za michezo nazo ziliandika hivyo, na zilistahili kuandika. Lakini 79 ni idadi ambayo Mwafrika mmoja alishaifikisha zaidi ya miaka arobaini kabla ya usiku ule, katika mechi 111, na sikuona jina lake likitajwa. Ni Godfrey Chitalu wa Zambia.

Nakuandikia kwa sababu mjadala wa straika bora wa Afrika umerudi tena kwenye ukurasa wako, na kila unaporudi orodha ni ile ile. Samuel Eto'o na mabao yake 56 ya Kameruni, Didier Drogba na 65 ya Ivory Coast, Asamoah Gyan na 51 ya Ghana, na sasa Mohamed Salah anayeifukuzia rekodi ya Hossam Hassan pale Misri. Wote ni wakubwa, sina neno nao. Ila ukiuliza nani amefunga mengi, hilo ni swali la hesabu. Mapenzi ya shabiki hayaingii hapo. Na hesabu inayoanzia pale televisheni ilipoingia majumbani mwetu inawaacha nje watu waliofunga kabla yake.

Chitalu alizaliwa Luanshya, kwenye ukanda wa shaba, mwaka 1947. Alichezea Kitwe United kisha Kabwe Warriors, na jezi ya taifa aliivaa kuanzia 1968 hadi 1980. Mashabiki walimwita Ucar, jina la betri zilizokuwa zikiuzwa enzi hizo. Mara tano alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka nchini mwake. Kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akiwa amekwishavuka miaka thelathini, aliwafunga hata wenyeji, Umoja wa Kisovyeti. Watu wengi mabao yake waliyasikia tu, kwa sauti ya Dennis Liwewe redioni, na hapo ndipo tatizo lake lilipoanzia: bao lililosikika halina mkanda wa kurudia.

Utakumbuka mwaka 2012, Lionel Messi alipoivuka rekodi ya Gerd Müller ya mabao 85 ndani ya mwaka mmoja, iliyowekwa 1972, akamaliza na 91. Chama cha Soka cha Zambia, FAZ, kikajitokeza na kusema kuwa mwaka huo huo wa 1972 Chitalu alifunga mabao 107 katika mashindano yote. FIFA ikajibu kuwa haitunzi takwimu za mashindano ya ndani ya kila nchi, hivyo haiwezi kuthibitisha. Basi, mambo yakaishia hapo. Wengine walicheka, wakisema Waafrika tumeanza kutunga rekodi.

Kicheko kile kiliniuma, na bado kinaniuma. Hata hivyo, nikitulia na kuangalia vizuri, lawama zangu hazielekei Zurich, yaliko makao makuu ya FIFA. Ligi ya Zambia ni mali ya Zambia. Kama kuna mtu aliyepaswa kuwa na daftari la mwaka 1972 mkononi, lenye tarehe, uwanja, mpinzani na mfungaji, ni chama chenyewe. Daftari hilo likiwa limechapishwa miaka yote hiyo na kila mwandishi wa habari analijua, asingekuwepo wa kucheka. Kulitaja baada ya miaka arobaini, wiki ambayo dunia inamshangilia mtu mwingine, lazima kulete shaka.

Turudi kwenye 79, maana hizo ni za timu ya taifa na ndizo hasa zinazonihusu. Zipo orodha zinazozihesabu zote na zipo zinazopunguza. Sababu si siri. Mechi za kufuzu Olimpiki baadhi ya wanatakwimu huzihesabu na baadhi huziacha. Zipo pia mechi za kirafiki ambazo mtu huuliza kama timu zote mbili zilikuwa vikosi vya kwanza vya taifa, au mmoja alipeleka kikosi cha pili. Hayo ni maswali halali kabisa, na hayamhusu Chitalu peke yake. Hata Hossam Hassan, aliyeacha kuichezea Misri juzi tu, mwaka 2006, wengine humpa mabao 68 na wengine 69.

Angalia Wabrazili walivyofanya kwa Pelé. FIFA inamhesabia 77. Shirikisho la Brazil linamhesabia 95, kwa sababu linaweka na mechi ambazo timu ya taifa ilicheza dhidi ya klabu na timu za kombaini. Hesabu zote mbili zinafahamika, tofauti yake inaelezeka, na msomaji anachagua ya kufuata. Hakuna anayemwita Pelé mwongo. Chitalu anastahili heshima hiyo hiyo: mechi ziwekwe mezani moja moja, na mwenye kutaka kupunguza apunguze huku akionyesha ni ipi na kwa nini.

Kazi hiyo kwa kiasi kikubwa imefanywa na watu wa kujitolea, watafiti wa takwimu wa nchi mbalimbali ambao hawalipwi na mtu, waliokaa na magazeti yaliyokwisha kuwa rangi ya njano wakanakili matokeo. Nawashukuru sana. Lakini ni aibu kwetu kwamba historia ya soka letu inategemea muda wa ziada wa watu hao, wakati vyama vyetu vina ofisi, makatibu na bajeti.

Chitalu mwenyewe hatuwezi kumuuliza tena. Usiku wa Aprili 27, 1993, akiwa kocha wa Zambia, alikuwa ndani ya ndege ya jeshi iliyoanguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, ikielekea Dakar kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Senegal. Walikufa watu wote 30, wakiwemo wachezaji 18. Alikuwa na miaka 45. Wamelazwa pamoja Lusaka, jirani na Uwanja wa Uhuru. Zambia iliporudi Libreville Februari 2012 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa penalti mbele ya Ivory Coast, wengi tulilia, na nadhani kila aliyelia alikuwa na haki. Lakini machozi yale hayakuleta orodha ya mabao.

Mzambia wa leo hana shida hiyo, namshukuru Mungu. Barbra Banda alipofunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi kwenye Olimpiki ya Tokyo, kisha matatu mengine dhidi ya China katika mechi iliyofuata, kila goli lilionekana duniani kote sekunde ile ile. Alipofunga kwa penalti dhidi ya Costa Rica mwaka 2023, ilijulikana papo hapo kuwa hilo ni bao la 1,000 katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake. Hakuna aliyemtaka alete ushahidi. Miguu ya Chitalu haikuwa na kosa lolote kwa kuzaliwa mapema.

Sasa ombi langu, Mhariri, nalo nalielekeza kwako hasa. Ushahidi wa miaka ya 1968 hadi 1980 umo kwenye magazeti. Zambia ilikuwa mshiriki wa Kombe la Chalenji, mashindano ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, na magazeti ya Kiswahili ya wakati ule, kama Uhuru na Ngurumo, yalikuwa na wasomaji waliotaka kujua nani kafunga. Nakala za zamani zimo kwenye maktaba, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na bila shaka ofisi yako nayo ina kabati lake. Mtume mwandishi mmoja kijana akaanze kuzipitia. Kila wiki chapisha mechi moja tu: tarehe, uwanja, matokeo, wafungaji na dakika zao. Waombe wasomaji wenye kumbukumbu zao walete. Katika kazi hiyo hiyo utaokota na mabao ya Taifa Stars ya kina Sunday Manara, ambayo nayo hayajapangwa ipasavyo, kisha TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ipelekewe orodha na iombwe kuichapisha rasmi. FAZ nao wapelekewe ya kwao.

Fanya haraka, tafadhali. Karatasi za magazeti yale zinameguka ukizishika, na waliokuwa vijana wa miaka ishirini enzi za Ucar sasa wanakaribia themanini.

Kama hujui pa kuanzia, anza na Chalenji ya 1976 iliyofanyika Zanzibar, ambako Zambia ilifika fainali na kufungwa na Uganda. Wapo Unguja wazee waliokuwa uwanjani siku hizo. Waulize, linganisha na gazeti, kisha utuchapishie majina ya wafungaji wa mashindano yale yote, kuanzia mechi ya kwanza.

Mpenzi wa soka,
Mbeya