Kompyuta mpakato ikiwa nzito, ikaguliwe RAM kabla ya kuhukumiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka kwenye ukurasa wa teknolojia, ambayo mwandishi wake aliwashauri wasomaji kwamba kompyuta mpakato iliyozidi miaka mitano na kuanza kuwa nzito haina dawa tena, na kwamba busara ni kununua mpya. Niliisoma mara mbili, kwa kuwa mashine ninayoandikia barua hii ina umri wa miaka tisa, na miaka miwili iliyopita niliambiwa maneno hayohayo na fundi niliyempelekea. Sikubaliani na ushauri ule, kwa maana watu wengi huachana na mashine nzima kumbe kilichopungua ndani yake ni kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), ambacho urefu wake haufiki hata sentimita saba.

Mimi ni mhazili, na kutwa nzima nachapa barua, napanga majedwali na kupokea nyaraka. Mashine yangu ilikuwa na tabia ambayo wengi wataitambua: asubuhi ikiwashwa huwa nyepesi, lakini nikishafungua barua pepe, jedwali moja kubwa na kurasa kumi na mbili za kivinjari, kielekezi kinaganda, herufi nilizopiga zinachelewa kisha zinatokea zote kwa mkupuo, na kile kitaa kidogo kinachoonyesha kazi ya diski kinawaka bila kupumzika. Fundi yule aliiwasha, akaitazama kwa dakika chache ikiwa haina programu hata moja iliyofunguliwa, akasema imezeeka. Hakuuliza inakuwa nzito saa ngapi wala nikifanya nini, na kifuniko cha chini hakukigusa.

Kitaa kile ndicho kilichokuwa kinasema ukweli. RAM ni mahali ambapo programu na nyaraka hukaa wakati zinatumika, wakati diski huzihifadhi hata umeme ukizimwa. Fundi cherehani mwenye meza ndogo hulazimika kukunja kitambaa kimoja na kukirudisha kabatini kila anapotaka kukata kingine, na mwisho wa siku muda wake mwingi umeishia kwenye kukunja na kukunjua. Kompyuta ambayo RAM yake imejaa hufanya vivyo hivyo: huhamishia diskini sehemu ya yale yaliyokuwa kwenye RAM, kisha huyarudisha yanapohitajika, na safari hizo hazina mwisho. RAM hujibu kwa takriban sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, ilhali diski ya kuzunguka huchukua karibu sehemu moja ya mia ya sekunde ili kulifikia jambo moja tu, na tofauti hiyo ni ya mara laki moja. Hata diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, ingali nyuma ya RAM kwa mara elfu moja hivi. Kwa hiyo mashine isiyo na RAM ya kutosha haipungui kasi kidogo kidogo, bali huenda vizuri mpaka nafasi inapojaa, ndipo inapokwama ghafla, na mtumiaji akadhani imeharibika.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji fundi. Katika Windows, mtu akibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, hufunguka dirisha linaloonyesha ni asilimia ngapi ya kichakata (ubongo wa kompyuta), RAM na diski inatumika wakati huo. La muhimu ni kulitazama dirisha hilo mashine ikiwa imeelemewa, yaani programu zote za kazi za kila siku zikiwa wazi. Yangu ilikuwa na gigabaiti 4, na nilipoitazama wakati imekwama, RAM ilikuwa imefika asilimia 94 huku diski ikiwa haipumui. Endapo RAM ingekuwa nusu tu na diski imejaa kazi, dawa ingekuwa kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka SSD. Endapo kichakata ndicho kingekuwa juu muda wote, ningetafuta vumbi kwenye feni, au programu inayojiendesha bila idhini yangu. Wanaouza RAM kana kwamba inatibu kila uzito nao hawamsaidii mtumiaji, kwa sababu mashine yenye nafasi tele haitaongeza kasi kwa kupewa nafasi nyingine isiyoihitaji.

Nilipoifungua nilikuta kipande kimoja cha RAM, na kando yake nafasi ya pili tupu, yenye vumbi jembamba, ambayo tangu mashine itoke kiwandani haikuwahi kutumika. Nilisimama nikiitazama nafasi ile kwa muda. Miaka yote ile ya kungoja herufi zitokee, mahali pa kuweka dawa palikuwa wazi.

Hapa pana mambo ambayo mtu akiyakosea atapoteza fedha zake. RAM ina vizazi, navyo haviingiliani: DDR3 ilianza kuuzwa mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na kiwango cha DDR5 kilitangazwa mwaka 2020. Katika vipande vya kompyuta mpakato, DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260 na DDR5 ina 262, na kila kizazi kina pengo lake kwenye ukingo wa pini, lililowekwa mahali tofauti makusudi ili kipande kisichofaa kisiweze kuingia. Kipande kikikataa kuingia kisilazimishwe. Hata ndani ya DDR3 kwenyewe kuna aina iitwayo DDR3L inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5, na zipo mashine ambazo hazikubali nyingine isipokuwa hiyo. Maelezo haya huwa yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kipande kilichomo ndani, na njia ya salama ni kuyanakili yote kabla ya kwenda kununua. Vipande viwili vyenye kasi tofauti kwa kawaida hufanya kazi pamoja kwa kasi ya kile cha polepole. Aidha, anayetumia Windows ya biti 32 afahamu kwamba mfumo huo huweza kuhesabu anwani 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4, hivyo kuongeza zaidi ya hapo hakutamfaa mpaka ahamie mfumo wa biti 64.

Kazi yenyewe ilinichukua chini ya nusu saa. Niliizima mashine kabisa, nikachomoa chaja, nikafungua skrubu za kifuniko cha chini na kuzipanga mezani kwa mpangilio uleule zilivyotoka, kwa sababu urefu wake ulitofautiana. Nikaitenganisha betri, na nikagusa chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli wa mwilini usiunguze RAM. Kipande kipya cha gigabaiti 8 nilikishika kwenye kingo zake, nikakiingiza kikiwa kimeinama, kisha nikakilaza taratibu. Nilipoiwasha mara ya kwanza kioo kilibaki cheusi, na nakiri moyo ulinidunda. Nikaizima, nikakitoa na kukisukuma tena hadi pini zote zikazama na vishikizo viwili vya pembeni vikajifunga kwa mlio mdogo, na safari hii ikawaka ikiwa na gigabaiti 12. Tangu siku hiyo nachapa huku nikiziona herufi zikitokea chini ya vidole vyangu. Kichakata ni kilekile na umri wa mashine haukurudi nyuma, ila fundi cherehani amepata meza.

Linalonisumbua zaidi, Mhariri, ni kwamba nafasi hiyo tupu inazidi kuwa adimu. Katika kompyuta mpakato nyingi nyembamba za sasa RAM imelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, kwa hiyo gigabaiti alizonunua mtu siku ya kwanza ndizo atakazokuwa nazo mpaka mwisho. Watengenezaji wana hoja zao, nazo si za kupuuzwa: RAM iliyolehemiwa huchukua nafasi ndogo, na zile aina zinazotumia umeme kidogo zinahitaji kukaa karibu sana na kichakata. Hata hivyo hoja hiyo imeanza kupungua nguvu, kwani mwaka 2024 kampuni ya Lenovo ilitoa kompyuta mpakato ya ThinkPad P1 yenye RAM ya aina ya LPCAMM2, ambayo hutumia umeme kidogo kama zile za kulehemiwa lakini hufungwa kwa skrubu na huweza kubadilishwa. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2021 kompyuta mpakato ni miongoni mwa bidhaa ambazo muuzaji anatakiwa azionyeshe alama ya kati ya 0 na 10 inayomweleza mnunuzi urahisi wa kuzitengeneza. Mnunuzi wa huko hulijua jambo hili kabla hajalipa. Kwingineko wengi hulijua miaka mitatu baadaye, bisibisi ikiwa mkononi.

Kwa hiyo ombi langu kwa gazeti hili ni la aina mbili. Kwanza, ukurasa wa teknolojia urudi kwenye mada ile na kuwaeleza wasomaji namna ya kupima tatizo kabla ya kununua, kwa kuwa msomaji aliyefuata ushauri wa awali huenda ameshaiweka kabatini mashine ambayo ingemtumikia miaka mingine minne. Pili, matangazo ya kompyuta mpakato mnayoyachapisha hutaja ukubwa wa RAM na rangi ya kifuniko, lakini hayasemi kama RAM hiyo imelehemiwa, nafasi za kuongezea ni ngapi, wala kiwango cha juu ambacho mashine inakubali. Maelezo hayo matatu hayazidi mstari mmoja wa tangazo. Naomba idara yenu ya matangazo iwe inawadai wauzaji mstari huo.

Wako,
Mhazili, msomaji wa gazeti hili